UZI: Hili neno "set" la Kiingereza lina maana ngapi? Njooni mniamulie kesi ya nyumbani

JaNyalenda

Hamjambo wanajukwaa. Nimekuja na kesi na nataka iamuliwe na watu wazima.

Binti yangu yuko Kidato cha Tatu. Anasema "set book" inaitwa hivyo kwa sababu vitabu vinakuja kwa seti: tamthilia, riwaya na hadithi fupi, unanunua zote pamoja. Binamu yake aliyemaliza shule anakataa kabisa. Anasema "set" hapo ni kitabu kilichopangwa na serikali, hata kingekuwa kimoja tu bado kingeitwa "set book". Wamebishana mezani hadi ugali ukapoa.

Nikafungua kamusi ya Kiingereza ili niwanyamazishe. Jamani! Ukurasa mzima ni "set", nafungua wa pili bado ni "set". Jua linaset. Simiti inaset. Mwalimu anaset mtihani. Saluni wanaset nywele. Mtu anaset alamu ya simu. Voliboli ina seti. Nikafunga kamusi nikawaambia walale.

Swali langu: hili ni neno moja lenye maana nyingi, au ni maneno mengi yaliyokutana kwa tahajia tu? Na kati ya hao wawili nani ana haki?

---

Kasuku_Kondele

Jaduong', hiyo kesi ungeipeleka kwa chifu. Mimi nakumbuka tukiwa shule tuliambiwa "set" ndilo neno lenye maana nyingi kuliko yote katika Kiingereza. Liliandikwa hata kwenye vitabu vya maajabu ya dunia. Sasa wewe unataka tulimalize kwa uzi mmoja?

---

Mwalimu_Maseno

@JaNyalenda, binamu ana haki kuhusu "set book". Lakini subiri kabla hujamsifu, maana binti naye ana lake.

Kitenzi "set" ni cha zamani sana katika Kiingereza. Mababu zao walikuwa na "sittan", kuketi, na kutoka hapo wakaunda "settan", kumfanya mtu au kitu kiketi. Sisi tunafanya hivyo hivyo kwa mnyambuliko: keti, ketisha. Tofauti ni kwamba sisi tumeacha kiambishi kikae wazi mwishoni ukione, wao wamebadilisha irabu ya katikati, na baada ya miaka elfu moja mtu wa kawaida haoni tena kwamba "sit" na "set" ni watu wa nyumba moja.

Kwa hivyo "set" maana yake ya msingi ni kuweka kitu kikakaa. Kitabu "kilichoset-iwa" ni kile ambacho taasisi ya mitaala imekiweka: mwalimu hakichagui, mwanafunzi hakichagui, mtihani utakiuliza hicho hicho. Uingereza wanasema zaidi "set text". Hapa kwetu "set book" imekuwa neno la kila mtu, hadi vikundi vya maigizo vinavyozunguka shuleni watoto wanaviita "watu wa setibuku".

Sasa upande wa binti. Ile "set" ya sufuria, ya vikombe, ya viti, haikuanza na kitenzi hicho. Ilitoka Kifaransa cha kale, "sette", ambayo nayo ilitoka Kilatini "secta", watu wanaofuatana. Ndugu yake wa karibu ni "sect", lile neno la madhehebu. Maneno mawili, mama mbalimbali, yakakutana Uingereza yakiwa na sura moja, na kwa kukaa pamoja yakaanza kuazimana maana. Ndiyo maana binti yako akachanganya. Amelijua neno, ila amelipeleka kwa mama asiye wake.

@Kasuku_Kondele, ulichoambiwa shuleni kilikuwa kweli wakati huo. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, kitenzi "set" kiligawanywa katika maana 430, na maelezo yake yalikuwa na maneno kama 60,000. Hicho ni kitabu ndani ya kitabu. Lakini kamusi hiyo inaendelea kufanyiwa marekebisho, na walipofika kwenye "run" wakapata maana 645 za kitenzi peke yake. Mhariri aliyeishughulikia, Peter Gilliver, alikaa nayo miezi tisa.

---

Mbio_Kapsabet

Kwa hiyo "run" imeipita "set". Huku kwetu hatushangai 😂

Ila niongeze kitu ambacho walimu wa darasani hawakioni. Mkimbiaji wa mbio fupi anapewa amri mbili kabla ya bunduki: "On your marks", halafu "Set". Ukisikia "Set" unainua kiuno na unaganda pale. Usitikise hata kidole. Vifaa vya kuanzia vinapima, na ukiondoka kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde tangu mlio, umeondoka mapema, unatolewa.

Lakini mbio zinazozidi mita 400 hazina "Set". Ni "On your marks", kisha bunduki. Kwa hiyo Omanyala, mtoto wa huko Magharibi, kabla ya ile 9.77 ya mita 100 ya Nairobi mwaka 2021 aliisikia "Set". Rudisha alipokimbia mita 800 kwa 1:40.91 kule London mwaka 2012 hakuisikia. Wanariadha wengi wa milimani kwetu wanaweza kustaafu bila kuambiwa "Set" hata mara moja katika mbio zao halisi.

---

Mwalimu_Maseno

Asante sana @Mbio_Kapsabet, hii nitaitumia darasani. Watu hutafsiri hiyo "Set" kama "tayari", na si vibaya. Lakini angalia mwili wa mkimbiaji: amewekwa, amekaa mahali pake, hatikisiki. Ni "settan" ile ile.

---

Fundi_Rhonda

Mwalimu, mimi niko Nakuru, kazi yangu ni mjengo. Kwetu hiyo "set" tunaitumia mara mbili kwenye nyumba moja na hazifanani.

Ya kwanza ni siku ya kwanza kabisa kwenye ploti. Tunaset nyumba. Hapo hakuna jiwe wala simiti, ni vigingi, kamba na tepu. Unatafuta kona ya mraba kwa ile hesabu ya tatu, nne, tano: pima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na kati ya ncha hizo mbili lazima upate 5 kamili. Ukikosa hapo, nyumba nzima itakuwa imepinda, na vigae ndivyo vitakavyokuja kukuaibisha mwishoni. Watu wa ramani wanaiita "setting out". Sisi tunasema tu "leo tunaset".

Ya pili ni simiti kuset. Hapa nataka niseme jambo, maana wenye nyumba wengi wananikera nalo. Simiti kuset SI kukauka. Simiti inashikana kwa sababu imekutana na maji na kemia yake imeanza kufanya kazi. Inaweza kushika hata ikiwa chini ya maji. Nguzo za madaraja zingejengwaje? Kiwandani huwa wanasaga na jasi kidogo ndani yake kusudi isishike haraka mno, la sivyo ungekoroga na kabla hujafika na karai ingekuwa jiwe.

Sasa mtu anakuja saa sita mchana, anakuta mchanganyiko umeanza kuwa mgumu, anamwambia mtu wa mkono "ongeza maji kidogo ulainike". Unalainika kweli, lakini umeuvunja wakati unajishika, na nguvu yake haitarudi. Halafu kesho yake slabu ikishashika, huyo huyo anakataa tumwagilie maji, eti "si imeshaset?" Imeset, haijakomaa. Inataka maji siku saba angalau, na wahandisi wanapima nguvu yake siku ya 28.

Swali langu kwa mwalimu: nikiset nyumba, mimi ndiye ninayeset. Simiti ikiset, nani ameiset? Inajiset?

---

Mwalimu_Maseno

Fundi, umeuliza swali ambalo ndilo moyo wa huu uzi.

Kiswahili kingekulazimisha uchague. Unaweka kitu, au kitu kinawekwa, au kinawekeka. Unagandisha, au kinaganda. Mwisho wa kitenzi unamwambia msikilizaji nani anafanya na nani anafanyiwa. Kiingereza hakina mikia hiyo. "I set the stone" na "the cement sets" ni "set" ile ile, na ni nafasi ya neno kwenye sentensi ndiyo inayokuonyesha. Kwa hiyo kitenzi kimoja cha kwao kinabeba kazi ambayo sisi tungeigawa kwa weka, kaa, shika, ganda na tua.

Baadhi ya zile maana 430 zinatokana na hilo. Neno halikuwa na akili nyingi. Lugha haikulipa viambishi, likabaki kutumwa kila mahali.

---

Saluni_ya_MamaKwanza

Mafundi wa simiti wameongea, na sisi mafundi wa vichwa tusikilizwe 🙋🏾‍♀️

Kuset nywele. Mteja anaoshwa, anapakwa losheni ya kuset, nywele zinazungushwa kwenye rola zikiwa MBICHI, halafu anakaa chini ya draya hadi zikauke kabisa. Sio nusu. Ukitoa rola kichwa kikiwa bado na unyevu katikati, kabla hajafika steji ya matatu zimeshalala.

Sababu yake nilielezwa kwenye kozi: nywele zina viungo vidogo vya haidrojeni, maji yanavifungua, na nywele zikikauka vinajifunga upya kwa umbo lile zililomo wakati huo. Kama zilikuwa kwenye rola, zinabaki mviringo. Ndiyo maana mvua ikimpata mteja, kila kitu kinarudi nyuma. Na Kisumu hii, ziwa liko hapo, jioni mvua hiyo, unajionea.

Kwa hiyo Fundi, yako inaset ikiwa na maji, yangu inaset maji yakiondoka. Na zote ni "set".

---

Fundi_Rhonda

@Saluni_ya_MamaKwanza dada nimekubali. Na yako mteja anaweza kurudi wiki ijayo urekebishe. Yangu inarekebishwa kwa nyundo ya kilo tano.

---

Mtu_wa_Dunga

Naona mmesahau ziwa.

Sisi tunategea nyavu jioni na kuzitoa alfajiri. Maafisa wa uvuvi wakija na fomu zao za Kiingereza wanaandika "nets set", saa ngapi, wapi. Kutega. Mtego wa panya nao ni "set a trap". Kwa hivyo hapo "set" ni tega, wala si weka tu. Ukiweka wavu hujautega. Kutega kuna nia: unakiacha kitu pale kinangojea.

Lakini kilichonileta ni jua. Mwalimu anasema "set" ni kuketi. Jua linaketi wapi? Njoo Dunga jioni uone. Huku tulipo mstari wa ikweta umepita hapo Maseno, jua halizunguki pembeni, linashuka wima na giza linaingia upesi. Mwaka mzima ni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi, halibadiliki sana. Kijaluo tunasema chieng' opodho, jua limeanguka. Wazungu wanasema limeketi. Mimi naona sisi ndio tunaosema ukweli.

---

Mwalimu_Maseno

😄 Omera, nenda na Kiswahili kidogo. Tunasema jua limetua. Na nini kingine kinatua? Ndege angani hutua. Aliyebeba mzigo hutua mzigo. Kwa maoni yangu hakuna neno la Kiswahili lililo karibu na "set" ya Kiingereza kuliko hili "tua". Kutoka tua tunapata tulia, na kutoka tulia tunapata tuliza. Ukimwambia Mwingereza "settle" na ukamwambia Mswahili "tulia", wote wawili wanashusha kitu chini kikae.

Kuhusu tega umenena. Hilo ndilo tatizo la kutafsiri "set" kwa neno moja. Kiswahili kinataka kujua ni kitu gani kinachowekwa kabla hakijakupa kitenzi. Mtego unategwa. Meza inaandaliwa. Mfupa uliovunjika unaungwa. Tarehe inapangwa. Rekodi inawekwa. Moto unatiwa. Mtihani unatungwa.

---

Shairi_Kakamega

Hapo kwenye kutunga mwalimu usipite haraka! Mnalalamika kwamba "set" ina maana nyingi, na hilo "tunga" je? Natunga shairi. Natunga mtihani. Natunga shanga. Mwanamke anatunga mimba. Jipu linatunga usaha. Natunga uzi kwenye sindano. Na huko kwa @Mtu_wa_Dunga samaki wakipitishwa kamba kwenye mashavu ni mtungo. Mgeni akifungua kamusi yetu na yeye atawaambia watoto walale.

Na sijagusa "piga". Nikianza na piga simu, piga pasi, piga kura, piga magoti, tutakesha.

---

Karani_wa_Mawakili

Niko Kakamega pia, nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili. Niwape hatari halisi ya hili neno, hatari ya pesa.

Mzee mmoja alikuja na barua ya korti, amefurahi sana. Imeandikwa kwamba hukumu yake imekuwa "set aside". Yeye anajua "set aside" ni kuweka kando, kama unavyotenga pesa za karo zisiguswe. Akaelewa kwamba hukumu yake imetunzwa mahali salama. Ilikuwa vigumu kumweleza kwamba imetenguliwa. Imefutwa. Yule aliyeshtakiwa na mzee hakuwa kortini siku ile, hukumu ikatolewa bila yeye, baadaye akaja akalalamika kwamba hakupata taarifa, korti ikakubali, kesi ikarudi mwanzo.

Maneno yale yale mawili! "Set aside" ya pesa ni kuhifadhi. "Set aside" ya hukumu ni kuitengua. Na ukiwaza vizuri zote ni kuweka kando, ila pesa ukiiweka kando unaitaka baadaye, na hukumu ikiwekwa kando haina kazi tena.

Kisha kuna "set down". Kesi ikiwa "set down for hearing", usidhani imeangushwa. Imepangiwa siku ya kusikizwa.

Na "set-off". Hii wafanyabiashara waijue. Unamdai mtu shilingi 50,000. Yeye anasema, ni kweli, lakini na wewe una shilingi 20,000 zangu za mahindi. Korti ikiridhika na yote mawili, inazikata moja kwa nyingine na unalipwa 30,000. Hiyo ndiyo "set-off". Haihusiani na "set off" ya kuondoka safari wala ile ya kulipua fataki.

---

JaNyalenda

@Karani_wa_Mawakili hapo umenitisha. Sasa "set off" ni kuondoka, kulipua na kukatana deni? Mwalimu, ulisema "set" ni kukaa mahali. Mtu anayeondoka amekaa wapi?

---

Mwalimu_Maseno

Swali zuri na nilijua litakuja.

Zamani walisema mtu "amejiweka" njiani. Baadaye ile "jiweka" ikafupishwa, ikabaki "set" na kineno cha mwelekeo: "off", "out", "forth". Sisi nasi tunasema mtu ameshika njia, na hakuna aliyewahi kuuliza aliishika na mkono upi.

Vineno hivyo vidogo ndivyo viambishi vyao. Sisi mkia umeshikana na kitenzi, wao mkia unatembea nyuma yake ukiwa umejitenga. Ndiyo maana kwenye karatasi ya pili ya mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne, sehemu ya sarufi, watahini wanapenda kuwapa watoto vitenzi vya namna hiyo. Mtoto aliyekariri "set = weka" anaanguka hapo.

Mfano mmoja niupendao: "the rains have set in". Mvua za Machi. Si kwamba mvua imenyesha. Inaweza kunyesha leo na kesho jua likawaka. "Set in" ni kwamba imeingia na imeketi, haina mpango wa kuondoka. Baridi ya Julai, njaa, ugonjwa kwenye kidonda, vyote "vinaset in". Ukiona ukurasa mzima wa mifano utagundua kwamba mara nyingi ni mambo mabaya yanayofanya hivyo. Raha haziset in.

---

Dj_Section58

Wazee mmeongea vitu vya maana lakini mmetuacha vijana nje. Huku Nakuru:

"Niko set" = niko tayari, pesa iko, kila kitu kiko.
"Ameniset" = amenipangia njama, amenitia kwenye shida akijua.
"Set yangu ni ya saa nne" = zamu yangu ya kupiga muziki.

Na wikendi ya Prinsloo Sevens utasikia watu wa raga wakilia "set piece yetu ni mbovu". Hiyo ni skramu na lainauti, pale mchezo umesimama halafu unaanzishwa upya kwa utaratibu. Ukitaka kujua kama timu imefanya mazoezi, angalia hapo.

---

Kasuku_Kondele

"Ameniset" ni yangu. Jirani alinikaribisha chakula, kufika nakuta ni mchango wa harusi.

---

Mwalimu_Maseno

@Dj_Section58 "ameniset" imetoka kwenye "set up", na mmeutupa mkia. Sijui kama mmeona, lakini mkiingiza neno Kishengi mnalivika viambishi vya Kiswahili, a-me-ni-, na mkishavivaa hivyo "up" haina kazi tena. "Niko set" nayo ni ya mkimbiaji wa Kapsabet, yule aliyeinua kiuno anangoja mlio.

Seti ya muziki ni ya mama wa pili: nyimbo zinazofuatana.

---

Mbio_Kapsabet

Na seti za voliboli?

---

Mwalimu_Maseno

Za mama wa pili pia. Ni kundi la pointi, 25 kwa seti nne za kwanza na 15 kwa ya tano. Lakini mchezaji anayeitwa seta, yule anayemwinulia mwenzake mpira apige, ni wa mama wa kwanza, maana anauweka mpira mahali. Uwanja mmoja, timu moja, mama wawili.

---

Saluni_ya_MamaKwanza

Mwalimu kwani wakati uliopita unasemaje? Nimeona mtu ameandika "setted" kwenye bango la saluni nyingine, nikakosa amani.

---

Mwalimu_Maseno

Dada, ni "set" tu. Leo set, jana set, imekuwa set. Iko pamoja na put, cut, hit, let na shut. Kwa "she", ile s ya mwisho ndiyo inayokuonyesha wakati: "she sets" ni kila siku, "she set" ni jana.

---

JaNyalenda

Nimewasomea huu uzi wote wawili. Binamu amejipiga kifua. Binti amenyamaza kidogo, halafu akauliza hivi, naandika alivyosema: "Na TV set je? Ni kitu kimoja, hakina wenzake. Na hakuna serikali iliyokipanga. Ni ya mama gani?"

Nimeshindwa. Mwalimu?

---

Fundi_Rhonda

Ya mama wa kwanza. Si unaiweka mezani?

---

Mwalimu_Maseno

Hapana Fundi, na mwambie binti amepiga mahali penyewe.

Redio za mwanzo hazikuwa kijisanduku kimoja. Kulikuwa na kipokezi, betri, waya wa juu wa kunasia mawimbi, na kipaza sauti chake kikiwa kando. Mkusanyiko huo wote ndio ulioitwa "wireless set". Sehemu zikaja kuingizwa kwenye sanduku moja, jina likabaki. Televisheni ilipofika ikarithi jina hilo hilo. Kwa hivyo "TV set" ni seti kweli kweli, kama binti anavyozifahamu seti, ila wenzake wako ndani.

Kesi ya "set book" aliipoteza. Hii ameishinda, na binamu amkubalie.

---

Kasuku_Kondele

Na "sofa seti"?

---

Mwalimu_Maseno

Ya pili.

---

Kasuku_Kondele

Na seti ya filamu, pale wanapopigia picha?

---

Mwalimu_Maseno

Ya kwanza. Ni mandhari iliyowekwa. Kasuku, nina madaftari ya kusahihisha.